Neno la Kiingereza na Zamu Yako ya Palizi

Mbalizi,
Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na wewe Mama Zawadi unayemsomea, shikamoo na kamwene, pole na kazi. Nawaona kabisa mlivyokaa hapo jikoni: wewe na miwani yako uliyoifunga kwa uzi, na Mama anachambua maharage kwa kupapasa ili asionekane anasikiliza. Hamjambo? Kifua cha Mama kimetulia? Mvua imewafikia vizuri? Jicho sijaliuliza bado, Mama, usinyanyuke. Nitalifikia.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ya jikoni pale hosteli inakwenda vizuri. Bosi ameniruhusu kutoka mapema siku mbili kwa wiki, nisome Kiingereza kwenye ukumbi wa parokia. Sasa naweza kumuuliza mgeni kama anataka yai la kukaanga au la kuchemsha bila kupunga mikono kama kuku. Unacheka, lakini mimi nakushukuru wewe. Wajomba waliposema binti wa kwanza hakai mbali na mama yake, wewe ulinifungia mzigo mwenyewe, ukatia na karanga. Sijasahau, Mama, wala sitasahau.

Unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu imenishinda. Tukizungumza habari za kuku unasikika vizuri kana kwamba uko chumba cha pili, ila nikitaja jicho tu, mtandao wa Kalenga unakatika. Barua huwezi kuikata, labda uichome, na Mama Zawadi hatakubali.

Basi sikiliza. Wiki iliyopita Mwalimu Lugano aliandika ubaoni neno "selfish". Akasema ni mtu mwenye ubinafsi, anayejifikiria yeye tu. Mfano wa kitabuni ulikuwa mtoto aliyekula embe zima peke yake. Darasa likakataa.

"Embe moja tu, Mwalimu?" akasema kijana mmoja fundi pikipiki. "Huyo alikuwa na njaa."

Kuna mwenzetu anaitwa Mama Tusekile, anauza mchele wa Ubaruku pale sokoni. Yeye akasema, "Selfish ni yule anayefunga mlango wakati anapika. Hata kama anapika mchicha."

Tulicheka sana. Mwalimu akasema haya, kila mtu atoe mfano wake. Nilikuwa nimepanga kumsema jirani yangu anayeanika nguo kwenye kamba yote, lakini niliposimama ulitoka wewe.

Nikasema kwetu kuna mama mmoja. Yuko na wenzake wanaopaliliana kwa zamu, leo wote shamba la huyu, kesho wote la yule. Safari hii walianza na lake, wakalimaliza lote. Sasa madaktari wa macho wanakuja Iringa mjini. Mama huyo ana mtoto wa jicho, jicho moja limekwisha kufunikwa na la pili limeanza. Akitibiwa haruhusiwi kuinama na jembe kwa wiki kadhaa. Basi amekataa kwenda. Anasema, "Wamenipalilia, halafu mimi nikajilaze hospitali? Huo si ubinafsi?" Nikamuuliza Mwalimu: akienda, yeye ni selfish?

Ikawa vurugu. Fundi pikipiki akasema kidogo ndiyo, maana deni la jembe hulipwa kwa jembe. Wengine wakasema afya kwanza. Mwalimu akabaki anajikuna na chaki mpaka sikio likawa jeupe. Ndipo Mama Tusekile akanigeukia.

"Wenzie wakiumwa, yeye anafanyaje?"

Nikamweleza jinsi Mama Zawadi alivyovunjika mkono, na wewe ukapalilia zamu yako na yake msimu mzima, na asubuhi unampelekea uji kabla ya kwenda shamba.

"Alimdai?"

"Hata kidogo."

"Ndaga, asante kwa jibu. Basi utamu wa kutoa anaujua. Sasa mbona wenzie anawanyima? Anataka atoe yeye tu, ashukuriwe yeye tu, wengine wabaki na mikono mitupu. Mwalimu, andika hapo. Huyo naye selfish."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikasirika, Mama. Wewe uliyekuwa unatupakulia ugali wote halafu unakwangua ukoko na kusema ndio unaoupenda, leo uitwe hivyo mbele ya darasa! Nilimwambia hakujui, nikatoka bila kuaga. Lakini kufika nyumbani hasira ilikuwa imeisha, neno limebaki. Kesho yake nikampigia Mama Zawadi. Tulizungumza muda mrefu, na mtandao haukukatika hata mara moja.

Mama, nilipokuja mara ya mwisho ulinipokea mlangoni ukasema, "Karibu mgeni, wenyewe tupo." Ulidhani ni mtu wa kitongoji. Mpaka niliposema "Mama" ndipo ukanijua. Nilikwenda nyuma ya nyumba kana kwamba nanawa, nikalia. Nikikushukuru kwa yote, nataka uione sura ya anayekushukuru. Hicho tu ndicho ninachokuomba.

Nimepewa likizo. Alhamisi jioni nitashuka Kalenga. Ijumaa asubuhi, ukikubali, nitakupeleka mjini na kukaa nawe mpaka bandeji itolewe. Kisha nitashika jembe lako na kusimama kwenye mstari na wenzako. Mikono yangu imelainishwa na sabuni za hosteli, mtanicheka, chekeni tu. Siji kukubeba kwa nguvu. Ukisema hapana nitapalilia hivyohivyo na kurudi zangu, ila nitarudi na majonzi.

Msalimie Mjomba Benito, umwambie binti wa kwanza anakuja. Msalimie mdogo wangu Fausta na wanawe, na wanakwaya wenzako wote. Mama Tusekile niliyemkasirikia nilimwomba radhi. Amenipa mchele nikuletee, na anasema ukishapona uupepete mwenyewe uone kama una mawe.

Mama Zawadi, umebakiza mstari mmoja. Usiusome kama wangu, maana ni maneno yako uliyoniambia kwenye simu. Mshike mkono kwanza.

"Mama Yusta, tangu mkono wangu upone nasubiri uniombe kitu, hata kimoja."

Mwanao,
Yusta