Kutu Ndani ya Ufa

Mabira, 9 Juni 2024

Dada Mackrine,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila baba anakula kidogo. Pole kwa kushindwa kuja kumzika mama. Tunajua Ujerumani si hapa jirani Kayanga.

Mchungaji Elick anakuja huko kwa semina, atakukabidhi kipande cha bomba la shokapu ya mbele ya pikipiki yangu. Lilipinda Machi nilipoanguka Nyakakika. Fundi akalinyoosha kwa nyundo, bila moto, nikaendelea kubeba abiria. Mei nilikuwa nampeleka mama kliniki Isingiro, likakatika kwenye mteremko. Mama akaangukia kichwa.

Watu wanasema ni mapenzi ya Mungu. Wewe unasomea yaliyo ndani ya vyuma. Tazama, uniambie kama ni mimi.

Mdogo wako,
Revelian

Halle, 21 Julai 2024

Mdogo wangu Revelian,

Marahaba. Mimi mzima. Mwambie baba ale.

Nimelitazama kwa hadubini. Atomi za chuma hujipanga kwa mistari, kama migomba iliyopandwa kwa kamba. Hakuna chuma kisicho na kasoro: mahali fulani mstari huishia katikati. Ukikipinda, kasoro hizo husogea na kuzaana. Ukikinyoosha zinazaana tena, zinakwamana, chuma kinakakamaa na kuwa chepesi kuvunjika. Hapo ufa huanza.

Ufa huu umeingia kutu karibu upana wote. Panapong'aa, palipokatika siku ile, ni ukingo mwembamba tu. Kwa hiyo ulikuwa ukikua siku nyingi bila kuonekana. Ulianza kabla ya nyundo au baada yake, siwezi kusema. Kulinyoosha kuliuharakisha.

Dada yako,
Mackrine

Mabira, 18 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Baba hajambo. Barua nimeisoma, na habari za atomi nimezielewa.

Sikuwa nauliza habari za chuma.

Mdogo wako,
Revelian

Halle, 17 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Kila nilipoanza kukujibu, nilijikuta naandika habari za chuma tena.

Baba ameniambia pikipiki ina bomba jipya, lakini umeifunika turubai na hubebi mtu.

Desemba nakuja. Nitashuka basi Omurushaka tarehe ishirini. Mjomba Kamugisha alitaka kunipokea kwa gari, nimemwambia abaki. Njoo wewe, na pikipiki. Nitapanda nyuma yako, unipeleke kwanza kaburini kwa mama, halafu nyumbani.

Dada yako,
Mackrine