Mume Wangu Kashindwa na Kinyozi, Sasa Anataka Nikaape Uongo

Dada mshauri, nakusalimu kwa jina la Mungu, unisaidie upesi kwa sababu kesi inakaribia na shahidi ni mimi.

Mume wangu ni seremala, aligombea udiwani akashindwa na kinyozi wa mtaani kwetu, yule yule anayemnyoa, na kwa kuwa haamini mtu alikuwa ameniweka mimi mkewe niwe wakala wake kituoni, basi nilikaa pale nikaona kila kura ikiinuliwa na kusomwa, za kinyozi zikapanda rundo juu ya rundo, za mume wangu hata rundo hazikufanya, zililala mezani kama zimechoka, nikatia sahihi kwamba hesabu ni ya haki, nikarudi nyumbani nikamwambia, "Baba, tumshukuru Mungu, tumeshindwa," akanijibu, "Umeshindwa wewe. Mimi nimeibiwa."

Tangu hapo nyumba haikaliki. Sebule imejaa mabango yake, ukigeuka huku anatabasamu, ukigeuka kule anatabasamu, hataki kuitwa Baba ila Mheshimiwa, wateja wakija kuulizia vitanda vyao anawaambia Mheshimiwa hashiki randa, na kwa kinyozi hakanyagi, nywele zimemwota mpaka mjukuu wetu anamkimbia. Wapambe wote wamehamia kwa kinyozi, kabaki shemeji yangu tu, anayekuja kila asubuhi chai ikiwa tayari kumwambia, "Kaka, ushindi wako uko mahakamani." Sasa wanataka nishike Kitabu Kitakatifu mbele ya hakimu niape kwamba nilifukuzwa kituoni na sahihi nililazimishwa. Nikikataa, anasema mimi msaliti, nirudi kwetu. Dada, mume wangu nampenda, na Mungu namwogopa. Nifanyeje?

Mke wa Mheshimiwa

JIBU

Mke wa nani? Mheshimiwa ni kinyozi. Wewe ni mke wa seremala aliyefunga karakana.

Pole, dada yangu, tena pole sana, lakini ngoja nikugombeze. Nani anamwitikia huo uheshimiwa humo ndani? Nani anamchemshia shemeji chai ya ushindi? Mtu hajitawazi sebuleni peke yake, lazima awepo wa kumpigia makofi. Acha makofi.

Na yeye, mtu mzima na mjukuu juu, badala ya kwenda kumpa mwenzake mkono anamtuma mkewe akamdanganye Mungu! Huyo shemeji mwenye uchungu na ushindi, mbona haapi yeye?

Usiape. Nenda kwa wakili wao mchana kweupe umwambie, "Mkinisimamisha, nitasema nilichokiona, rundo kwa rundo." Hakuna wakili atakayemwita shahidi wa hivyo. Kisha mwambie mumeo mwenyewe, kwa adabu, na umwite Baba. Akikuambia urudi kwenu, waite wazee wa pande zote mbili, awaeleze kosa lako ni kukataa kuapa uongo. Natamani nimwone akitafuta maneno.

Mabango bandua, moja mwachie, akumbuke alivyokuwa na kichwa safi. Shemeji akanywe chai kwake.

Halafu mpeleke akanyolewe. Usimtume, nenda naye. Akae kwenye kiti kile kile, ainamishe kichwa mbele ya diwani wake. Hotuba ya kukubali kushindwa hana haja nayo, mtaa mzima utakuwa mlangoni unatazama.