Skrini ya Pili ya Bosi

Shosti, usijibu. Soma tu.

Bosi kaniita ofisini kwake, kompyuta yake inagandaganda. Nikamwambia tuondoe draiva ya picha, ile programu inayoendesha skrini, tuiweke upya, ila kwanza nichomoe waya wa mtandao, la sivyo mashine itajirudishia ile mbovu yenyewe.

"Waya usiguse."

Nikamweleza tena, taratibu. "Nimesema waya usiguse." Mtu asiyejua hata kuwasha printa, leo ana uchungu na waya?

Haya. Nikaiondoa hivyo hivyo, yeye akatoka kupokea simu.

Unaijua ile skrini yake ya pili, aliyoigeuza ili tusiione tukiingia? Draiva ilipotoka tu ikazima, na kilichokuwa ndani yake kikahamia kwenye hii iliyo mbele yangu.

Ni kamera. Kumbe picha zake zinapita kwenye ule waya. Inaangalia meza zetu, kutokea juu ya kabati la mafaili.

Na sisi tumemnunia mhasibu mwezi mzima, eti ndiye anayepeleka maneno.

Nakuona hapa, umeficha simu chini ya meza. Usiinue kichwa.

Futa huu ujumbe. Anarudi.