Mume Wangu Huwafukuza Wajane Kwenye Filamu, Mtaani Anawaezekea Nyumba

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia nikiwa na moyo mwepesi kuliko wiki iliyopita, lakini bado naomba unisaidie kufikiri, maana kuna mazungumzo naogopa kuyaanza na mume wangu.

Mume wangu ni mwigizaji wa filamu, huenda unamfahamu kwa sura, ndiye aliyeigiza yule Kucha, jamaa mwenye kovu shavuni anayewatupia wajane vyombo nje na kuwanyang'anya nyumba, na tangu filamu ile ioneshwe kwenye televisheni hakuna anayemwita kwa jina lake, hata kinyozi wake siku hizi anamnyoa jicho likiwa mlangoni. Cha ajabu ni kwamba mtu huyuhuyu, akilipwa kwa ubaya ule wa kuigiza, akishatoa ya chakula na ya shule, inayobaki ananunulia mabati na misumari, kisha siku asizokuwa na kazi anapanda juu ya nyumba za wajane na kuwaezekea bure, maana kabla ya filamu alikuwa seremala, na yeye mwenyewe kalelewa na mama mjane kwenye nyumba ambayo mvua ikinyesha, ndani na nje ni kulekule. Mimi ni fundi cherehani, namwelewa, sijawahi kumnung'unikia.

Sasa mtaa wa pili kutoka kwetu anaishi mkunga mstaafu, mjane, ambaye bati lake lilikuwa limeoza hadi wingu likitanda tu anahamisha kitanda. Mume wangu akaenda na ngazi begani. Yule mama kufungua mlango na kuiona sura ile, akapiga yowe, "Jamani, Kucha! Kucha kaja kuchukua nyumba!" Majirani wakatoka na mafagio, mume wangu akaiacha ngazi palepale, akarudi nyumbani akakaa kitandani na viatu miguuni. Akaniambia, "Mama watoto, kosa langu nimeigiza vizuri kupita kiasi." Hapohapo akampigia simu mwongozaji kumwambia sehemu ya pili ya filamu atafute mtu mwingine. Mwongozaji akamjibu usijali, tutaleta kamera tukurekodi ukiezeka, watu wauone moyo wako. Mume wangu akasema, "Nikimpiga picha mama wa watu akikinga maji ya bati bovu kwa beseni, hapo ndipo nitakuwa nimemwibia kweli," akakata simu.

Mshauri, niliumia, nikajifunga kanga nikaenda mwenyewe kwa yule mkunga, nikamweleza kila kitu, mabati, mama mkwe wangu, useremala, akanisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Haya, mwambie aje. Ila nitakaa hapahapa nimwangalie." Na kweli alikaa, kigoda chini ya ngazi, fimbo mapajani, mume wangu akigonga misumari juu naye hapepesi jicho. Katikati ya kazi akamwita, "Wewe! Yule mama mwenye mtoto mgongoni ulivyomsukuma nje, hukuona haya?" Mume wangu akatoa misumari mdomoni, akamjibu kutoka juu, "Niliona haya, mama. Ile tuliirudia mara nyingi kwa sababu kila nikimsukuma nilikuwa nalia." Mkunga akaanza kucheka, akacheka mpaka fimbo ikaanguka, akasema, "Shuka kwanza unywe maji, mwanangu."

Jana mvua kubwa ilinyesha, na leo asubuhi mkunga kaja kwangu na kitambaa cha kushona gauni, ananiambia kitanda chake hakijasogea hata kidogo, na kabla ya kutoka akauliza, "Ile filamu ina sehemu ya pili? Mwambie mumeo aigize. Nataka nimwone Kucha akichapwa, tena achapwe na wanawake."

Sijamwambia mume wangu, kwa sababu tangu siku ile ya kuezeka amechangamka, ameanza hata kupiga mluzi, na naogopa nikitaja filamu atadhani naitaka pesa tu, lakini ukweli ni kwamba wapo wajane wengine wanaomsubiri na mabati hayaoti kama uyoga, na mwongozaji hajakubali kukataliwa, anataka jibu la mwisho wiki hii. Nimsukume au nimwache apumue?

Mke wa Kucha

JIBU

Dada yangu, nimesoma barua yako nikicheka na kufuta macho, kwa hiyo sitakugombeza sana. Kidogo tu.

Unamfichia mumeo habari njema, kwa nini? Huyu mtu alifukuzwa na mafagio, na wewe umekaa na maneno ya kumponya kama umebana pini mdomoni. Zima cherehani sasa hivi, mwite, umwambie neno kwa neno alivyosema mkunga, usipunguze wala usiongeze. Ukimaliza, nyamaza. Uamuzi ni wake, na naona atauchukua kabla chai haijapoa.

Na yeye mwambie hivi kutoka kwangu: yule mama hakumchukia fundi, alimchukia Kucha, na hiyo ndiyo kazi aliyolipwa kuifanya. Wanaofukuza wajane wapo kweli, na watu wanatamani kumwona mmoja wao akipata chake. Arudi, akaigize ubaya mpaka mwisho, apigwe hadharani, achekwe.

Kuhusu kamera, mumeo yuko sahihi na asiyumbe. Shida ya mtu si tangazo la biashara.

Kuanzia sasa, nyumba mpya usimwache atangulie. Tangulia wewe, na umwombe mkunga aongozane nawe. Mlango atakaougonga mwanamke huyo utafunguliwa.

Umeniomba ushauri kama mtu mwenye msiba, dada. Mimi kwenye barua yako nimeona mume mwema, kazi halali, na bibi mmoja aliyelala pakavu. Hongera. Nenda kamwambie.