Kukaa Chini Bila Kilio

Siku ya Kwanza, 2 Agosti 1954

Sévère amekaa chini tena asubuhi hii. Nyuma ya nyumba, juu ya mukeka, miguu amekunja, macho amefunga. Bwana yangu, mutu mwenye viti vyake! Nimemuuliza: unasali nani? Anasema hasali. Anaangalia pumzi tu, vile mapadri wa Buda walimuonyesha kule Birmani, wakati wa vita, alipokuwa akifunga askari vidonda. Eti mikono itaacha kumutetemeka.

Pumzi! Nani anaangalia pumzi?

Siku ya Tatu, 4 Agosti

Nimekung'uta mukeka. Hakuna kitu. Si sanamu, si hirizi. Angekuwa na sanamu ningejua pa kuanzia. Nimenyunyiza maji ya baraka mahali pake. Amekaa palepale, akasema: aksanti, Mama Firmin, vumbi limelala.

Ninaogopa Kitawala, dini ile iliyokatazwa. Wale wa mikutano ya siri — serikali inawafunga, inawapeleka mbali na bibi zao. Nao, nasikia, walianza polepole.

Siku ya Tano, 6 Agosti

Nimekaa naye. Kwa kumuchunguza tu! Anasema: sikia pumzi ikiingia, sikia ikitoka, mawazo yakikubeba, rudi, usijigombeze. Nikaenda kwenye mihogo niliyoanika. Nikarudi. Nikaenda kwa wifi Sabine na maneno yake ya ubatizo. Nikarudi. Muguu ukafa ganzi. Rozari nilikuwa nayo ndani ya kikwembe nilichojifunga muda wote. Bikira Maria anisamehe kama ni vibaya, na kama si vibaya pia.

Halafu — kidogo — nikatulia. Ni hapo niliogopa kweli.

Siku ya Posho, Jumamosi 7 Agosti

Ee Mungu wangu. Jirani Kankindi amechungulia kupitia matete ya ua. Sévère alipokwenda tu kazini hospitali, huyu hapa na muzigo wa kuni kichwani.

— Pole, dada. Nani amekufa?

— Hakuna.

— Weye! Mwanaume anakaa chini, kiti kiko, na hakuna kilio? Basi anafanya nini pale?

Vile alivyosema "nini"! Na kaka yake ni polisi. Nikasikia kinywa changu kinasema: amefiwa na mujomba wake wa Nyakabere. Muzee Libérat, aliyemulea! Muzima kabisa, juzi alitutumia muchele.

Kankindi akatua kuni, akalia sana. Mutu mwema yule. Nikalia naye, kwa woga.

Nilitaka kumuwahi Sévère njiani nimuambie. Lakini jua halijashuka, wamama wa parokia wamefika na mikeka yao, katekista Candide mbele, wanaanza kuombea marehemu. Nimeingia chumbani, eti natafuta rozari. Ninayo mukononi. Nikisema kweli, watauliza lile lile: basi alikuwa anafanya nini pale chini?

Baiskeli yake hiyo. Candide anamupokea: pole sana, Baba Firmin, muzee Libérat ametangulia.

Nasikia baiskeli inaanguka.

Sasa analia. Tangu arudi Birmani sijamusikia akilia hata siku moja. Ameanguka, wanawake wanasema mushikeni, mushikeni mikono. Ananiita. Mama Firmin! Ulijua tangu lini? Mama Firmin!

Candide anagonga mulango wa chumba. Nimeitika: nakuja. Bado nimekaa.