Nilivyokuwa Nikishusha Fimbo

Kaka Sefu,

Sijui kama huko uliko unapata muda wa kusoma. Muda wa kujirekodi unaupata, kwa hiyo nitaandika hivyo hivyo.

Ulikuwa kocha wangu wa gofu kabla hujaajiriwa na uwanja wowote. Jioni, Mama akishafunga duka la vitenge Kariakoo, mimi na wewe tulikuwa uani kwetu Magomeni, nimeshika fimbo yako ya zamani, wewe na simu yako unanirekodi. Upigaji wangu ulikuwa mbaya kuutazama. Nilishusha fimbo kwa mikono, kama mtu anayepasua kuni. Lakini mpira ulienda nilikotaka, na mashindano ya wanawake nilikuwa nashinda.

Ukasema timu ya taifa haitanichukua hivyo. "Zuhura, nguvu haitoki mikononi. Fimbo ikishafika juu, nyonga zianze kugeuka, mikono ifuate." Nilikubali kwa sababu ni wewe. Nikawa nakosa mpira mbele ya wasichana niliozoea kuwashinda, wanacheka, nawe unaniambia, "Vumilia. Lazima kwanza uharibike."

Nikaharibika. Kisha ukapata kazi Uarabuni, ukaniaga kwa ujumbe ukiwa tayari uwanja wa ndege.

Uliniacha katikati. Upigaji mpya sijaushika, wa zamani umeshanitoka mwilini. Siku ya mchujo wa timu nilisimama mbele ya mpira nikiwaza nyonga, mikono, nyonga, nikaupeleka vichakani. Hawakuniita tena. Nilingoja uniulize ilikuwaje. Hukuuliza.

Mwezi uliopita mteja alinionyesha simu yake dukani. "Huyu si kaka yako?" Ulikuwa kwenye video, unafundisha watu kushusha fimbo. Upande mmoja wewe, fulana nyeupe, umependeza. Upande wa pili msichana aliyezibwa sura, na maandishi: Usipige hivi. Nilijitambua kwa ua wetu na mtandio wangu wa njano. Ukaongezea na sauti ya watu wakicheka.

Nilikupigia. Ukasema, "Ni elimu tu, mdogo wangu. Sura yenyewe haionekani." Halafu ukasema kuna mwanafunzi anakusubiri.

Upigaji ule ulikuwa unashinda, Kaka. Hilo hukuliandika.

Na Mama humpigii. Kwa hiyo kila asubuhi tukifungua duka ananiambia, "Niwekee mwanangu Sefu." Namwekea video ile. Haangalii, anapanga vitenge huku anasikiliza sauti yako. Wale watu wakicheka, naye anacheka, kisha ananiuliza wanacheka nini.

Namwambia, "Sijui Mama, ni mambo ya gofu."

Mpigie yeye. Mimi usihangaike nami.

Mdogo wako,
Zuhura