Midomo ya Mwana wa Mfalme Imefungwa

Kimanga, Uvira
Jumapili, tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa kaka yangu Hakimu,

Assalam aleikum. Pokea salamu zetu kabla ya mengine yote. Afya yako inasemaje? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua na baridi ya Lubumbashi kimepoa? Na wifi yangu Mapendo, mzima? Huku tuko wazima, Mungu asifiwe, ila ni uzima wa kuchoka. Sumaya anaota meno, halali, nami silali. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Baba mdogo Nasoro ana shida ya mgongo, nitakueleza mbele.

Maji ya ziwa yameanza kurudi. Yalifika mpaka ukuta wa jikoni, sasa yametuachia tope, harufu na mbu wasio na adabu. Shemeji yako Mahamudi amerudisha meza yake ya kutengeneza telefone kando ya barabara. Mimi jioni nakaanga mandazi mlangoni pa sinema ya Herménégilde, mtoto mgongoni.

Herménégilde unamkumbuka, yule mtafsiri wa filme mwenye maneno mengi kuliko filme yenyewe. Ana moja ambayo watu wa hapa hawaichoki. Mfalme wa milimani amekufa. Mwanawe anafuatwa mbali, anakochunga farasi, aambiwe kiti kile ni chake tangu tumboni mwa mama yake. Wazee wanapiga magoti, mmoja ameshika taji. Hapo Herménégilde analegeza sauti kwenye mikro: "Minye siwezi, wazee wangu. Hii kazi iko kubwa, minye niko mudogo. Tafuteni mwingine." Ndani watu wanasonya.

Maneno hayo nimeyasikia jioni baada ya jioni nikigeuza mandazi, sioni picha, na nikaamini kabisa kwamba yule kijana anayashuku majaliwa yake. Wateja wangu nao hawaishi kubishana. Huyu anasema ni woga, yule anasema ni unyenyekevu. Mama mmoja muuza dagaa akasema ni uvivu mtupu, kwani farasi hawaulizi maswali.

Juzi mikro ikafa. Kelele zilipozidi nikaingia kuona kuna nini. Filme inaendelea bila mtu wa kuisemea. Wazee wako magotini, taji liko mbele yake, na yule kijana, kaka, midomo yake imefungwa. Hasemi kitu. Anaiangalia mikono yake tu, mpaka picha inabadilika.

Nikamwuliza Herménégilde yale maneno aliyatoa wapi. Akacheka. "Mama Sumaya, watu hawapendi kimya. Nikiwaachia kimya watanitupia viatu."

Nikarudi kwenye karai langu, nikakuwaza weye.

Tangu baba afariki, nyumba nzima inakutafsiria. Watu wakifiwa wanakuja kupiga hodi kama zamani, wanamwulizia mtoto wa muosha maiti, yule aliyefundishwa kazi na baba yake tangu ndevu hazijaota. Mama anawajibu, "Iko njiani." Baba mdogo anasema ulishakubali, kwa sababu mtoto wa kwanza hukubali hata kabla hajazaliwa. Mahamudi anasema unaogopa. Mimi nilikuwa nasema una aibu, kwamba boti ilikuchelewesha, ukalikuta kaburi limekauka na wengine ndio waliomwosha baba. Kaka, maiti zetu hazingoji boti, hakuna anayekulaumu kwa hilo. Lakini unaona? Hata mimi nimeshika mikro.

Sasa mambo yamefika hapa. Wiki iliyopita alifariki muzee mmoja wa kule Mulongwe, mtu wa mwili mkubwa. Baba mdogo alipotaka kumgeuza, mgongo ukakataa, akabaki ameinama, ameshikilia ukingo wa kitanda. Mahamudi, aliyekuwa anawachotea maji tu, ndiye aliyeidaka maiti isianguke. Akamaliza kuosha huku baba mdogo anamwelekeza kwa mdomo. Alipofika nyumbani alioga, akakaa mlangoni, chakula hakukigusa. Baadaye akaniambia, "Naweza, Riziki. Lakini sitakaa kwenye kiti cha muntu ambaye mama yake anasema iko njiani."

Unajua zamu hiyo mimi siwezi kukushikia. Wanawake tunawaosha, mimi na Mama. Mwanamume anataka mwanamume, na siku ikifika maiti haingoji ubishi wa nyumbani kwetu uishe.

Hukuachiwa ufalme, kaka. Uliachiwa birika, beseni na harufu ya kafuri kwenye kucha. Hakuna atakayekupigia magoti. Ukisema hapana, nitabaki dada yako vile vile. Mama atalia, kisha atanyamaza. Ukisema ndiyo, njoo. Ninachokataa ni hiki kimya. Sauti ninazokutumia kwenye telefone unazisikiliza, alama naziona zinageuka buluu, halafu basi.

Ile filme nimeiangalia mpaka mwisho: kijana anavaa taji, lakini mji umeshaungua, na watu wanapiga makofi. Mimi sikupiga. Wangemwuliza mapema, naye akajibu mapema, watu wangebaki na paa zao.

Birika la baba liko kwangu. Nililifunga kwenye kitenge siku maji yalipoingia, nikalala nalo. Mwenye kubeba barua hii akirudi na ndiyo yako, litakungoja na hakuna atakayeligusa. Akirudi na hapana, au mikono mitupu, siku hiyo hiyo nalifungua mbele ya Mama, nampa Mahamudi, na lile neno "njiani" halitasemwa tena mlangoni petu. Usinione mkali. Nimechoka, na watu hawajaacha kufa kwa sababu sisi tunafikiri.

Mama anakusalimia, anasema uvae kitu kizito kifuani. Baba mdogo Nasoro anakusalimia akiwa amelala chali. Mahamudi vile vile. Sumaya hana salamu, ana mate ya meno tu, nimempitishia kidole kwenye karatasi, ndiyo hilo doa unaloliona pembeni. Msalimie sana wifi.

Mungu akupe kifua chepesi, na ulimi mwepesi pia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinyamaza,

Riziki

N.B. Aliyekuletea barua hii ni Herménégilde mwenyewe, anakuja huko kutafuta filme mpya. Jibu lako liandike kwa mkono wako, ulifunge. Usimpe kimya akibebe. Unamjua: kitafika Kimanga kimejaa maneno.